Huyu Siye Dada

Siku kionjo cha filamu kilipotoka, Mama Kinanda alikuwa ameshawaambia watu wengi mno. Alikuwa amewaambia mafundi wenzake wa chumba cha kushonea, akamwambia muuza vifungo, akamwambia mama mwenye nyumba, akawaambia wateja waliokuja kupimwa na hata wale waliokuja kuuliza bei tu wakaenda zao. Binti yake yumo kwenye filamu. Tena si kupita kwa nyuma kama mtu wa sokoni. Yeye ndiye mwenye hadithi. Na filamu yenyewe imetolewa kwenye kitabu, kile cha *Mlango wa Uani*, ambacho nusu ya watu walikisoma shuleni na nusu nyingine wakasimuliwa na waliokisoma.

Mama Kinanda alikuwa katika nusu ya pili. Alichojua ni kwamba humo kuna msichana yatima anayeitwa Dada tu, anayekubali kuolewa mbali ili wadogo zake wapate kula, na kwamba baada ya miaka anarudi na kukuta jamaa wa marehemu baba yake wameikalia nyumba. Hayo yalimtosha. Mwanawe ndiye Dada, basi.

Kinanda lilikuwa jina la utani. Baba mtu, fundi bomba, ndiye aliyelitoa siku mtoto alipozaliwa, kwa sababu kilio chake cha kwanza kilikuwa kizito, cha kukwaruza, kama cha mzee aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Mkunga alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba akasema huyu ni kinanda kilichotoboka. Mtoto akakua, akawa msichana mfupi mwenye macho makubwa, lakini sauti haikulainika. Ilikuwa sauti ya bibi yake mzaa mama, na nyumbani hakuna aliyeiona kuwa na kasoro.

Chumba cha kushonea kilikuwa na cherehani tatu. Moja ya Mama Kinanda, mshonaji wa magauni. Moja ya Shangazi, mwanamke mtu mzima ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale lakini ndiye aliyekuwa na chumba hicho kabla yao. Na moja ya kijana waliyemwita Fundi Mashati. Mchana ule cherehani zote zilisimama. Fundi Mashati aliegemeza simu yake kwenye pasi iliyopoa, wakakusanya vichwa.

Mvua inanyesha. Mlango wa mbao. Msichana amesimama na sanduku la bati, nguo zimemganda mwilini. Mtu asiyeonekana anamwambia kwamba hapa si kwake tena. Msichana anainua uso, na ile sauti inatoka: "Mlango huu niliufunga mimi. Nitaufungua mimi."

Kikaisha. Shangazi alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni la mteja. "Huyo ni mama yako mzazi kabisa," alimwambia Mama Kinanda, aliyekuwa akifuta machozi. "Hebu turudie."

Wakarudia mara kadhaa. Kisha Fundi Mashati akateremsha kidole kuona watu wamesemaje. Alianza kwa kutabasamu. Tabasamu likakauka, akaigeuza simu ikalala kifudifudi.

"Mtandao unasumbua," alisema.

"Wamesemaje?"

"Watu wana maneno tu, mama. Turudi kazini."

"Nisomee, fundi."

Alimtazama Shangazi, Shangazi akainamisha kichwa kukubali. Akasoma bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa isiyo yake. Huyu siye Dada. Dada wetu alikuwa na sauti ya pamba, huyu mmemtoa mlangoni mwa basi anaita abiria? Nimengoja tangu utoto wangu, mnaniletea mwenye mafua. Mpeni tangawizi na maji ya moto. Mmekiua kitabu changu. Mmoja aliandika kwa utaratibu kabisa, aya nzima, kwamba hana ugomvi na binti, ila kuna vitabu visivyopaswa kuguswa. Huyo ndiye aliyepewa mioyo mingi zaidi.

"Basi, inatosha," alisema Mama Kinanda. Akarudi kwenye cherehani yake, akatia mguu, na sindano ikaenda nje ya mstari kiasi kwamba alilazimika kufumua bega zima.

Kabla juma halijaisha, maneno ya Kinanda yalikuwa yameshakuwa mchezo wa mtaa mzima. Watu walibana koo na kuyasema mbele ya kila kitu chenye kufunguka. Muuza vifungo alifungua droo yake na kukwaruza: "Droo hii niliifunga mimi." Alisema kwa wema, akidhani anamfurahisha mama mtu, na Mama Kinanda akacheka kidogo kwa sababu alihitaji zipu na hakuna mwingine aliyekuwa na rangi ile.

Kinanda mwenyewe hakusema lolote. Alikuwa bado akiishi kwao, katika chumba chenye dirisha la kutazama uani, na kwa siku kadhaa alishinda humo akisema kichwa kinamuuma. Baba mtu aliondoka asubuhi na mfuko wake wa spana, akarudi jioni na kimya. Mama alijua kuna jambo huko kazini, lakini fundi bomba ni mtu wa kufunga valvu zake mwenyewe. Ukimlazimisha anazidi kukaza.

Kilichomchoma mama ni cha dukani. Alikuwa akirudi kutoka kazini, akamwona binti yake amesimama mbele ya duka la jirani, mtandio umemfunika mpaka nyusi. Muuzaji alimuuliza anataka nini. Kinanda akaelekeza kidole kwenye mkate. Muuzaji akauliza mkubwa au mdogo. Akaonyesha kwa viganja. Akalipa, akachukua mkate, akaondoka bila kufungua kinywa. Mama alisimama nyuma ya gari lililoegeshwa mpaka binti akafika nyumbani, asije akajua ameonekana.

*

Mwalimu alikuja kuchukuliwa vipimo vya gauni la kazi. Alikuwa mteja mpya, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kusimama wima kama anayesubiri darasa linyamaze. Mama Kinanda alikuwa amepiga magoti akipima urefu wa upindo, pini tatu mdomoni, simu ya Fundi Mashati ikivuma mezani. Alikuwa amefungua redio humo humo, na mtangazaji akataja ile filamu.

"Wangekiacha tu kitabu kile," alisema Mwalimu, akizungumza na ukuta. "Nimekiona hicho kionjo. Yule msichana siye. Dada hapandishi sauti hata mara moja, kitabu kizima. Ndiyo nguvu yake. Sasa wamemtafuta mtu mwenye sauti ya kuvunja kuni."

Fundi Mashati alizima redio. Cherehani ya Shangazi ikanyamaza. Mwalimu aligeuza shingo, akawatazama mmoja mmoja.

"Nimesema nini?"

"Huyo ni mwanawe," alisema Shangazi, akionyesha chini kwa kidevu.

Mama Kinanda alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Mwalimu alikuwa amejishika shingo kwa mkono.

"Samahani sana, mama. Sikujua."

"Ungejua ungesemaje?"

Mwalimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu upesi. "Ningenyamaza," alisema.

"Basi afadhali hukujua. Wanaojua wote wamenyamaza, nimechoka. Geuka kidogo, nione nyuma."

Mwalimu akageuka. Akiwa amewapa mgongo alianza kueleza, na sauti yake ilikuwa imepungua. Alisema yeye ni wa kwanza katika watoto sita. Mama yao alipofariki, aliacha masomo akawalea wenzake, na siku hizo kitabu kile kilikuwa chini ya mto wake. Kila watoto walipomtia wazimu, alijiuliza Dada angefanyaje, na jibu lilikuwa kwamba Dada asingepiga kelele. Basi hakupiga. "Nilimsikia kichwani mwangu, mama. Miaka yote. Nilipomwona huyu wa filamu, ilikuwa kama mtu ameingia ndani akakaa kwenye kiti cha marehemu."

Mama Kinanda alichukua pini moja kwenye mto, akaichomeka kwenye upindo. Alikuwa amejiandaa kumchukia.

Kesho yake Mwalimu alirudi na kitabu chenyewe, jalada limegandishwa kwa utepe wa gundi, na kukiweka juu ya meza ya kukatia. "Usome. Usidhani nina chuki na mwanao," alisema, akaondoka kabla ya kukaribishwa kiti.

Mama Kinanda alikuwa msomaji wa polepole. Alisoma wakati wa chakula, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Aliwachukia jamaa waliochukua nyumba, akawaonea huruma wadogo. Na kila Dada alipofungua kinywa, mwandishi alikumbusha ile sauti: laini, ya chini, kama pamba mpya; hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Tena Dada alikuwa mrefu. Mama aliendelea kutafuta mahali ambapo mwandishi angebadili mawazo. Hakubadili.

"Wana haki," alimwambia Shangazi alipofika karibu na mwisho. "Huyu wa humu siye mwanangu."

"Inawezekana wana haki," alisema Shangazi, akiuma uzi. "Lakini ndiyo watu wamtukane mtoto wa mwenzao mpaka ashindwe kuagiza mkate?"

Mama Kinanda alimtazama. Kumbe na Shangazi alimwona pale dukani.

*

Mtayarishaji wa filamu alikuja Jumapili, mchana, amevaa viatu ambavyo alisita kuvivua mlangoni kisha akavivua. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kusifu kila kitu. Alisifu mapazia. Alisifu chai. Alimwita fundi bomba mzee wangu, ingawa umri haukupishana sana. Kinanda alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mtandio mabegani.

"Nimekuja kwa heri," alisema. "Kazi ya binti yenu ni nzuri. Uso, macho, mwendo, hakuna anayelalamika. Kelele zote ni za sauti. Sasa, tumepata dada mmoja mtangazaji, ana sauti ile ile ya kitabuni. Atakaa studio, ataangalia picha, atasema maneno yote upya. Uso wa huyu, sauti ya yule. Watu watatulia, filamu itapona, na binti yenu hatapungukiwa na chochote alichoahidiwa."

"Watajua ni mtu mwingine?" aliuliza baba.

"Wachache. Baada ya dakika kumi wamesahau."

"Na mimi unaniuliza au unaniambia?" Ilikuwa mara ya kwanza Kinanda kusema tangu mgeni aingie. Mtayarishaji alikunja uso kidogo aliposikia sauti, akaukunjua upesi, lakini wote walikuwa wameuona.

"Mkataba wako unasema nikuulize. Nimekuja kukuuliza."

"Nikikataa?"

Alizungusha kikombe. "Ukikataa, siwezi kukulazimisha. Ila tuseme ukweli, mwanangu. Filamu ikianguka, watasema umeiangusha wewe, na mimi sitakuwa na mdomo wa kuwakatalia. Na watu wa kazi hii tunajuana. Hakuna atakayekuita tena. Fikiri mpaka keshokutwa."

Alipoondoka, baba alibaki akivitazama vikombe.

"Kubali," alisema. "Mwanangu, kubali yaishe. Sauti si mkono. Hutapungua kitu."

"Yaishe yapi, baba? Wewe wamekufanya nini?"

"Mimi hakuna."

"Baba Kinanda," alisema mama.

Fundi bomba alijikuna kidevu. Ikamtoka kwa taabu, kama bolti yenye kutu. Huko kwenye jengo wanakoweka mabomba, kila anapogusa koki, vijana wote wanabana koo kwa pamoja: *Bomba hili nililifunga mimi. Nitalifungua mimi.* Msimamizi naye anasema. Juzi alikuja mwenye jengo, akafundishwa, naye akasema. Sasa anakunywa chai yake peke yake nyuma ya rundo la mchanga.

 Kisha Kinanda akaanza kutikisika mabega. Mama alidhani analia, akanyanyuka kumwendea, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kigoda kikalia. "Nani alilitunga hilo la bomba?" aliuliza.

"Mjinga mmoja hivi wa kuchanganya zege," alisema baba, na midomo yake mwenyewe ikaanza kumsaliti. "Lakini limekaa vizuri."

Walicheka wote watatu, si kwa furaha hasa. Baba akaenda uani kuosha uso, akakawia huko.

*

Siku iliyofuata mama na binti walikuwa wakianua nguo kwenye kamba. Mama alikuwa na jambo kooni tangu asubuhi.

"Nimekimaliza kile kitabu," alisema.

"Umekionaje?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa ameshaupanga uongo wenyewe, mzuri tu. Lakini Kinanda alikuwa akimtazama kwa macho yale makubwa.

"Wanasema kweli, mwanangu. Yule si wewe. Yule ana sauti ya pamba. Tena ni mrefu."

"Najua, mama. Nilikisoma kabla ya wengi wao."

"Sasa kwa nini ulikwenda kuomba?"

Kinanda alikunja shuka nusu, akampa mama pembe mbili za upande wa pili. "Kwa sababu niliposoma sikuona kwamba ni upole unaomfanya asipandishe sauti. Soma tena. Akithubutu kupandisha, kuna atakayepigwa. Kama si yeye ni wadogo zake. Kwa hiyo anameza. Anameza kwao, anameza kwa mume, miaka na miaka. Mimi nikajiuliza, mtu aliyemeza kelele zote hizo, siku anayosimama mbele ya ule mlango, koo lake litakuwa limebaki pamba? Mwongozaji aliniuliza siku ya majaribio, nikamjibu hivyo hivyo. Hakuniuliza kingine."

Walivuta shuka, wakakutana katikati, mama akapokea.

"Ungewaandikia hao watu. Ungewaeleza."

"Nimeshawaeleza. Kwenye filamu yote nimewaeleza. Wao wameona mlango tu." Akatoa kibanio kwenye kamba. "Naogopa, mama. Huyo bwana haongopi. Wanaweza wasiniite tena."

"Wanaweza."

"Na baba ataendelea kunywa chai nyuma ya mchanga."

"Baba yako mchanga haujamuua. Mimi nakuuliza wewe. Wakimweka yule mtangazaji, utaweza kuitazama?"

Kinanda alizihamishia nguo mkono wa pili.

"Sitaweza," alisema.

"Basi umeshajibu. Mpigie simu, na umpigie kwa kinywa chako. Usimwandikie."

Alipiga pale pale uani, amesimama kati ya kamba mbili. Mama alisikia upande mmoja tu. Hapana. Nimefikiri. Hapana, bwana. Ndiyo, najua ulivyosema. Nakushukuru kwa kuja nyumbani. Kisha aliishusha simu, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, na mama akaendelea kuanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

*

Filamu ilitoka. Walikwenda watatu, wakakaa pembeni. Kinanda alipofungua kinywa mara ya kwanza, mtu wa nyuma alikohoa kwa makusudi na kundi zima likacheka. Fundi bomba alishika mkono wa kiti kana kwamba anataka kuung'oa. Kicheko kilirudi mara mbili tatu. Baadaye kilikoma, si kwa wakati mmoja. Kilipungua tu, kama maji ya bomba yanapokatwa mtaani. Ulipofika ule mlango na ile mvua, hakuna aliyekohoa. Wakati wa kutoka, watu wengine walifuta macho, wengine walisema kitabu ni kizuri zaidi, na bwana mmoja alilalamika ngazini kwamba wamemfanya Dada mfupi.

Mitandaoni ubishi haukwisha. Wapo waliogeuka, wapo waliokaza. Mtayarishaji hakupiga simu kupongeza wala kulaumu. Mwezi ukapita, hakuna aliyemwita Kinanda kwenye kazi nyingine, naye akawa anakwenda chumba cha kushonea kumsaidia mama kutia vifungo. Kazini kwa baba ule mchezo uliwachosha wenyewe, kama michezo yote.

Kisha Mwalimu akaja na sketi ya kupanuliwa kiuno. Kinanda alikuwa ametumwa kununua uzi. Mwalimu alizunguka chumba kwa macho kwanza, ndipo akasema.

"Nilikwenda kuiona. Na wadogo zangu wote watano."

"Karibu kiti," alisema Mama Kinanda.

Safari hii alikaa. "Nakwambia ukweli, maana ulisema hupendi wanaonyamaza. Kwangu bado siye Dada. Nilitoka mle ndani bado siye. Nikarudi nyumbani, nikakifungua kitabu pale pa mlango, nimsikie wangu." Alitazama mikono yake. "Nikamsikia mwanao."

Mama Kinanda aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Nilikasirika. Nikarudi mwanzo wa kitabu, nikasema labda atakuwa huko. Kila anaposema, ni sauti ile ile ya kukwaruza. Yule wangu ameondoka, mama. Nilikuwa naye tangu nina miaka kumi na mitano."

"Pole," alisema Mama Kinanda, na aliimaanisha.

"Asante." Mwalimu aliikunja sketi magotini, akaikunjua. "Tulipokuwa tunatoka ukumbini, mdogo wangu wa mwisho aliniuliza jambo. Ni mtu mzima sasa, ana mke. Aliniuliza: Dada, na wewe ulikuwa unameza kelele namna ile? Wakati ule tukiwa wadogo?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilikuwa tayari kumwambia hapana. Kinywa kimeshafunguka kabisa."  Nje Kinanda alisikika akibishana na muuza vifungo kuhusu rangi ya uzi, na Mwalimu aligeuza kichwa akaisikiliza ile sauti mpaka ilipokaribia mlangoni. "Nikamwambia ndiyo."